Kizibo cha Njia ya Haja Kubwa na Mlo

Swali: Mimi ni mtu mzima na huvaa kizibo cha njia ya haja kubwa kwa saa nyingi. Nile nini ili choo kisinisumbue?

Jibu: Gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, kutoka kwenye mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, pamoja na maji ya kutosha, hulainisha choo, ziongeze taratibu, kwani pupa huleta gesi, na gesi iliyozibiwa njia ni adha tupu. Hata hivyo, hakuna mlo unaohalalisha kukivaa kutwa kucha. Haja ikibisha, kitoe mara moja, kwa sababu choo kinachozuiliwa huzidi kufyonzwa maji, kikawa kigumu. Ukiona damu au maumivu, acha kukitumia, umwone daktari.