Maswali Yenu: Mazoezi ya "chi" yana umri gani hasa?

SWALI: Asalaam aleikum. Mtaani kwetu kuna mwalimu wa mazoezi ya "chi" ya Kichina. Asema yana miaka 5,000, na ukiongeza malipo hukumiminia hiyo "chi", yaani nguvu ya uhai, kwa viganja bila kukugusa. Nina miaka 58, nina presha, na goti la kulia huniuma. Je, ni kweli? Na mimi nayaweza?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Ni ya kale, ila hiyo miaka 5,000 yatokana na Mfalme wa Manjano, mtawala wa hadithi za kale za China. Kitabu kikuu cha tiba ya Kichina chenye jina lake kilikusanywa kiasi cha miaka 2,000 iliyopita.

Ushahidi wa kushikika ni kitambaa cha hariri kilichofukuliwa mwaka 1973 katika kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, China, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Kimechorwa watu 44, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wakijinyoosha na kuinama. Kando ya baadhi yao pameandikwa maradhi yanayokusudiwa, na mojawapo, mama, ni maumivu ya goti. Karne kadhaa baadaye tabibu Hua Tuo alifundisha michezo ya wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Alisema bawaba ya mlango haiozi kwa sababu husogea. Wenye milango ya kale pale Mji wa Kale watamwelewa upesi.

Tazama lakini: katika hariri ile kila mtu anajinyoosha mwenyewe. Neno chi lenyewe maana yake ni mvuke, pumzi. Herufi yake ya jadi ina mchele ndani, kama moshi wa wali unaopaa sufuriani. Pesa za kumiminiwa viganja ziweke, ununue samaki.

Mazoezi unayaweza. Anza na mkao wa kwanza wa Baduanjin, "vipande vinane vya hariri", wa tangu enzi ya wafalme wa Song wa China, karne ya 10 hadi ya 13. Simama miguu ikiachana upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. Pachika vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mwingine, mbele ya tumbo. Ukivuta pumzi kwa pua, pandisha mikono, na ifikapo kifuani geuza viganja vitazame juu, kisha nyoosha. Tulia kidogo, achia pumzi, shusha mikono kwa pande zote mbili. Mara 6 zatosha.

Wengi huharibu kwa kubana pumzi wakiwa wamenyoosha mikono. Presha hupanda na kichwa kuzunguka. Pumzi isikatike. Kosa la pili ni kukaza magoti, na la tatu ni kuyakunja hadi yakapita ncha za vidole vya miguu, ndipo goti lako litakapolalamika. Ile mikao ya kuinama kichwa kikawa chini ya kiuno, iache kabisa kwa sasa.

Fanya baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijakolea, maji karibu. Ukishakula, ngoja saa moja. Dawa za presha usiziache hata siku moja, na goti likivimba au likiwa la moto, simamisha mazoezi uende ukapimwe.