Chuo kikija kijijini kupanga ardhi: mnufaike nacho vipi

Mkuu, umeuliza kwamba kijiji chenu huko wilaya ya Bahi, Dodoma, kimeletewa barua na kituo cha chuo, wanataka kuja kusaidia mpango wa matumizi ya ardhi, na wazee wamegoma wakisema hawa nao watakuja waandike waondoke kama wale wa kwanza. Unataka kujua kama wana faida yoyote, na kama kijiji kitadaiwa hela. Nitajibu kirefu kidogo kwa sababu nimekaa pande zote mbili. Nimekuwa mtendaji wa kijiji huku Chamwino nikiwapokea watu wa vyuo, halafu baadaye nikaenda kusoma mipango hapahapa Dodoma, nikatumwa fildi vijijini, safari hii mimi ndiye mgeni mwenye dodoso.

Kwanza wazee wako waelewe hili: chuo hakina mamlaka ya kupanga ardhi yenu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 imetaja mamlaka za upangaji, na halmashauri ya kijiji ni mojawapo. Mpango unapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wilaya inasimamia, basi. Chuo ni msaidizi tu. Wakija bila mtu wa ardhi kutoka wilayani, wakarimuni chai, lakini kazi isianze.

Sasa faida yao ni nini? Wengi watakwambia utaalamu. Mimi naona utaalamu hata wilayani upo, tena mzuri. Kinachokosekana wilayani ni mtu wa kukumbuka. Mkurugenzi anahamishwa, afisa ardhi anahamishwa, mtendaji ndiyo usiseme. Anayepokea ofisi anakuta faili limesomwa na mchwa kabla yake. Chuo hakihamishwi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980 na kipo pale Miyuji mpaka leo, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nacho kipo tangu 2007. Takwimu za kijiji chako zikikaa vizuri sehemu kama hizo, mwanafunzi wa miaka 15 ijayo ataanzia pale alipoishia wa leo.

Nikupe mfano wa hapahapa. Maji ya jiji la Dodoma kwa miaka mingi yametoka visima vya bonde la Makutupora. Pale kina cha maji ya ardhini kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Ni kazi ya kuchosha, mtu anashusha kipimo, anaandika namba, anaondoka. Mwaka 2013 watafiti wa ndani na wa nje walitoa matokeo ya kumbukumbu za miaka 55, na wakaonyesha kwamba bonde lile halijazwi na mvua ya kila mwaka. Linajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, mara nyingi ile inayofuatana na El Niño, kisha maji yanashuka taratibu miaka mingi mpaka mvua nyingine kubwa ije. Angepima mtu miaka miwili ya mradi akafunga daftari, angesema bonde linakauka, au angesema limejaa, kutegemea amepima mwaka gani. Mji unaotaka kujua uchimbe visima vingapi hauwezi kuendeshwa kwa takwimu za namna hiyo.

Jambo la pili ni kuona zaidi ya mpaka wa kijiji. Kondoa wanalijua hili vizuri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu ardhi ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Miti na majani vilirudi kweli, ukipita leo utaona. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia kwa majirani, na mzigo wa malisho ukahamia huko pamoja nao. Ndiyo maana mpango wa kijiji kimoja, hata uwe mzuri vipi, unaishia kwenye bikoni, zile alama za mpaka, wakati ng'ombe na maji ya korongo havijui bikoni. Kituo cha chuo kinachofanya kazi wilaya nzima, au mkoa, ndicho kinaweza kukwambia kwamba eneo mlilolifunga nyie ndiyo njia pekee ya mifugo ya kijiji cha pili kwenda mnadani. Na sheria inaruhusu vijiji viwili au vitatu vinavyotumia malisho au maji pamoja vipange kwa pamoja. Huku kwetu vijiji vingi havijui hata kama jambo hilo lipo.

Nakuja kwenye kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapo ndipo utajua kama timu uliyoletewa ni ya maana.

Kulikuwa na timu moja tuliipokea, ya wanafunzi na mwalimu wao. Tulikaa chini ya mbuyu, wakaomba majivu, wazee wakachora kijiji chini: barabara, shule, kanisa, lambo, mashamba ya uwele na mtama, na kando ya korongo wakatenga eneo la zabibu, maana bei ya shamba la zabibu ilikuwa imepanda na kila mtu anataka kipande. Mchoro ukakamilika, watu wakaanza kujikung'uta vumbi waondoke. Mama mmoja akachukua kijiti akauliza, "Na visima vyetu mmevizika wapi?" Kiangazi wanawake wa kile kitongoji huchimba maji kwenye mchanga wa korongo, palepale kwenye zabibu za wazee. Hakuna mwanaume aliyeviweka. Mzee mmoja akasema vile si visima, ni mashimo tu. Ikawa kelele. Mfugaji mmoja naye akasimama, akasema hata yeye alikuwa ananyamaza tu, lakini ng'ombe wake wanateremkia hapohapo kunywa. Tulibishana mpaka jua linazama.

Unajua yule mwalimu alifanya nini? Alikaa kimya, na mwanafunzi aliyetaka kuingilia akamkanya kwa jicho. Kesho yake wakachukua mashine ya GPS, wakatembea korongoni na akina mama, shimo kwa shimo. Zabibu zikasogezwa nyuma na njia ya ng'ombe ikachorwa. Afisa wa wilaya mwenye vijiji kibao na gari moja bovu hana jioni nzima ya kusikiliza ugomvi wa mashimo ya maji. Wanafunzi wanayo, kwa sababu fildi yao ndiyo kazi yao.

Lakini wazee wako nao hawajakosea. Kuna chuo kimoja, sikitaji, kilikuja kwetu kikajaza madodoso mpaka idadi ya kuku. Hatukuachiwa hata karatasi. Ripoti yao nilikuja kuiona baadaye kwa watu wa mradi mwingine kabisa, ramani ina rangi nzuri na kitongoji kimoja kimeandikwa jina la kitongoji cha kata nyingine. (Na idadi ya ng'ombe humo ilikuwa uongo mtupu. Ukimuuliza mfugaji siku ya kwanza ana ng'ombe wangapi, atakupa idadi ya mtu anayeogopa ushuru.)

Kwa hiyo barua ya kuwakubali iandikwe na masharti, na muhtasari wa kikao uambatanishwe. Kubwa kuliko yote ni ramani: waache nakala kubwa, iliyochapishwa kwenye turubai kwa sababu karatasi haimalizi masika, ibandikwe ofisini mtu yeyote aione. Pili, takwimu zenyewe mlizowapa, si ripoti tu. Nakala moja kijijini na nyingine kwenye kata. Halafu warudi mbele ya mkutano mkuu kusoma walichoandika kabla hawajakipeleka popote, maana majina yaliyokosewa yanasahihishwa siku hiyo tu. Msikubali waje Januari au Februari, watu wako shambani na watakaohojiwa ni walioshindwa kulima. Waje kiangazi, ambapo shida ya maji na malisho inaonekana kwa macho.

Mpango huu mnauhitaji haraka kuliko mnavyodhani, maana mji unawajia. Sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179. Barabara ya mzunguko ya jiji inapita Nala, na kutoka Nala kuja kwenu ni lami moja ya Singida. Mimi nimeona vijiji vya upande wa Ihumwa vikiuza eka kwa bei ya pikipiki, tena mwenyekiti akigonga muhuri mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na ramani ya kumwonyesha mtu kwamba hapa ni malisho ya wote. Mnunuzi akikuta mpango umepitishwa, na sheria ndogo zipo, anatafuta kijiji kingine.

Kuhusu hela: fildi ya wanafunzi inagharamiwa na wao wenyewe au chuo chao, kijiji hakitoi kitu zaidi ya pa kukaa na mtu wa kuwatembeza. Gharama inakuja kwenye upimaji wa mipaka na hatimiliki za kimila, na hiyo huwa inabebwa na halmashauri au mradi, wakati mwingine na wananchi wenyewe. Muulize afisa ardhi nani analipa, akujibu kwa maandishi. Mtu yeyote akianza kuchangisha kaya kabla hujaona barua ya mkurugenzi, simamisha zoezi hapohapo.