Maswali ya Wasomaji: Nile Launji au Nisubiri Ndegeni?

Barua za toleo hili zinahusu safari ndefu za daraja la biashara, na nyingi zinauliza habari ya chakula.

SWALI: Nina safari ya usiku, saa saba angani, na ndege inaruka saa tano usiku. Tiketi yangu inaruhusu launji, ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani kabla ya kuruka. Nile wapi? Sitaki kukosa mlo wa launji wala wa ndegeni.

JIBU: Kula launji, lala ndegeni. Piga hesabu mwenyewe. Ndege ikisharuka, huduma haianzi mpaka taa za mikanda zizimwe na oveni zipate moto, na hapo nusu saa au zaidi imekwenda. Kinywaji, kianzio, mlo mkuu na kitindamlo huchukua saa moja na nusu hadi mbili kama viti vimejaa. Kisha taa za kifungua kinywa huwashwa saa moja na nusu hivi kabla ya kutua. Umebakiwa na usingizi wa saa tatu tu, kwenye kiti ulicholipia pesa nyingi kwa sababu kinalala bapa. Hakuna sahani inayofidia hasara hiyo.

Ingia launji saa mbili na nusu kabla ya kuruka na ule mlo kamili bila haraka. Piga mswaki na ubadili nguo hukohuko. Mhudumu akikuletea kinywaji cha kukukaribisha, mweleze waziwazi kwamba unalala moja kwa moja, asikuamshe kwa chakula chochote, ila akuamshe dakika 45 kabla ya kutua. Mkanda ufunge juu ya blanketi: ndege ikitikisika, mhudumu atauona bila kukugusa.

Safari ya mchana ya saa kumi au zaidi ni kinyume chake. Launji onja kidogo tu, maana ndegeni utakuwa na muda wa kutosha na mlo ndio utakaokatiza urefu wa safari.

Kuhusu cha kuchagua launji, shauri letu ni moja: tafuta kile ambacho ndege haiwezi kupika. Jiko la ndege halina moto. Chakula hupikwa nchi kavu saa nyingi kabla, hupozwa hadi nyuzi 5 hivi za Selsiasi, kisha hupashwa kwa oveni ya hewa moto kwa dakika 20 na ushei. Ndiyo maana vya kukaanga hulegea, samaki mwembamba hukauka, na steki uliyoitaka iive nusu hufika imeiva kupita kiasi. Basi launji kula mayai yanayokaangwa ukiona, tambi za mchuzi zinazochemshwa kwa oda (za launji za shirika la Cathay Pacific pale Hong Kong zinastahili sifa zake), mboga mbichi na mkate wenye ganda kavu. Angani chagua vya mchuzi mzito: nyama iliyochemka muda mrefu, maharage, rojo la viungo. Hivyo kupashwa moto hakuviharibu, wakati mwingine huvinogesha.

Kwenye bufee, angalia trei kabla ya kupakua. Cha moto kiwe kinafuka mvuke, vya baharini viwe juu ya barafu. Wali uliokauka pembeni na mchuzi wenye utando vimekaa muda mrefu. Ngoja dakika kumi: ndege nyingi zinapokaribia kuruka kwa pamoja, trei hubadilishwa mara kwa mara. Kama launji ina meza za kuagiza kwa menyu, anzia huko.

SWALI: Mbona chakula cha ndegeni kinaonekana kizuri lakini ukikitia mdomoni kimepooza? Wapishi wanabana chumvi?

JIBU: Hawabani, mara nyingi huzidisha. Ulimi na pua ndivyo vilivyobadilika. Hewa ya ndani huwekwa kwenye shinikizo la mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, na unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Pua ikikauka, harufu haifiki vizuri, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya ladha. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ililipima jambo hili kwa ajili ya shirika la ndege la Lufthansa ndani ya kipande cha ndege kilichopunguzwa shinikizo: chumvi ilisikika pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, sukari kwa 15 hadi 20. Ngurumo za injini nazo hufifiza utamu. Ladha nzito ya nyanya, uyoga, jibini kavu na mchuzi wa soya haiathiriki hivyo, na ndiyo sababu juisi ya nyanya, ambayo wengi hawaigusi nyumbani, hupendwa sana angani. Kunywa maji kidogo kidogo tangu launji, pua na mdomo visikauke.

SWALI: Mlangoni nimeambiwa tiketi yangu haina launji, ilhali imeandikwa daraja la biashara. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana sana, na inauma. Baadhi ya mashirika huuza nauli ya chini ya daraja hilo bila launji. Nauli ya Special ya Emirates na ya Lite ya Qatar Airways ni mifano. Kiti na chakula ni vilevile, kilichoondolewa kimeandikwa kwenye masharti ya nauli. Yasome kabla ya kulipa, tena utazame na gharama ya kuchagua kiti na ya kubadili tarehe.

Chanzo kingine ni ndege ya ushirika: tiketi ina namba ya shirika moja, ndege inarushwa na jingine. Kanuni za launji kwa kawaida hufuata linalorusha. Tafuta kwenye tiketi maneno yanayotaja mwendeshaji wa safari.

Na usiahidi kumwingiza mtu. Ndani ya Star Alliance na oneworld, ambayo ni miungano ya mashirika ya ndege, tiketi ya biashara humwingiza mwenyewe tu. Wa kuingia na mgeni mmoja ni mwenye kadi ya msafiri wa mara kwa mara ya ngazi ya Star Alliance Gold au oneworld Sapphire, na mgeni huyo naye awe anasafiri. Ukifika mapema mno unaweza pia kurudishwa, kwa kuwa launji nyingi hupokea abiria kuanzia saa tatu kabla ya kuruka. Wanaounganisha safari mara nyingi hawabanwi na saa hizo.

SWALI: Kiti kipi ni bora?

JIBU: Tazama kwanza mpangilio, yaani idadi ya viti katika safu kati ya njia na njia. Moja-mbili-moja maana yake kila abiria anatoka bila kumruka mwenzake. Mbili-mbili-mbili au mbili-tatu-mbili, anayekaa dirishani huenda akaruka miguu ya jirani usiku kucha. Viti vingi miguu huingia kwenye kisanduku kilicho chini ya kiti cha mbele, na kisanduku cha safu ya kwanza mara nyingi ni kipana zaidi. Lakini safu hiyo ikipakana na jiko, utasikia kila droo ikifungwa. Chagua mapema, kisha hakiki tena siku tatu kabla na siku moja kabla, kwani ndege ikibadilishwa kiti chako nacho huhamishwa.

SWALI: Tumbo hunijaa nikiruka. Ni vyakula vya launji?

JIBU: Ni hewa. Shinikizo likishuka, gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa robo hadi theluthi. Soda na kabeji visiingie tumboni saa mbili za mwisho kabla ya kuruka, na maharage tuliyoyasifu hapo juu si yako. Mvinyo usizidi glasi moja, na uache kabisa kama unakwenda kulala: pombe na shinikizo dogo kwa pamoja hushusha oksijeni ya damu usingizini, na mwenye maradhi ya moyo au mapafu hapaswi kujaribu.

SWALI: Nina saa mbili tu za kuunganisha ndege. Nioge au nile?

JIBU: Jiandikishe bafu kwanza, kabla hata hujaweka begi chini, kwani foleni inaweza kufika saa nzima. Kula huku ukisubiri zamu. Launji nyingi hazitangazi safari, na geti huweza kufungwa dakika 20 kabla ya kuruka, hivyo weka kengele ya simu dakika 50 kabla. Tunda la launji usilitie begini kama unatua Australia au New Zealand. Usipolitaja kwenye fomu utatozwa faini.