Mvinyo mweupe wa Châteauneuf-du-Pape: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu aina moja ya chupa: mvinyo mweupe wa mchanganyiko kutoka Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa, hasa ule wa Château de Beaucastel, shamba la kilimo hai la familia ya Perrin lililoko Courthézon. Tumezijibu kwa pamoja.

Shemeji yangu ametoka Ufaransa na chupa ya Beaucastel nyeupe. Niliilaza kwenye friji usiku kucha, nikaifungua mbele ya wageni. Haikunukia kitu, na mdomoni ilikuwa nzito yenye uchungu kidogo. Imeharibika, au kauziwa feki?
*Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam*

Kwa dalili ulizozitaja, tatizo ni baridi. Friji ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, na kwa baridi hiyo harufu haipandi kutoka kwenye glasi. Kinachobaki kusikika ni uzito na ule uchungu mdogo wa ganda la zabibu. Mvinyo mweupe mwepesi huvumilia, kwa kuwa uchachu wake unaubeba. Huu wa Beaucastel sehemu yake kubwa, takriban asilimia 80, ni zabibu iitwayo Roussanne, ambayo ina uzito mwingi na uchachu mdogo. Unywe ukiwa na nyuzi 12 hadi 14.

Chupa iliyotoka friji iache mezani dakika 30 hadi 45, na zaidi kama chumba kina kiyoyozi. Iliyokuwa kabatini kwenye joto la Dar usiikimbize kwenye friza. Chukua ndoo, weka barafu nusu na maji nusu, izamishe chupa hadi shingoni kwa dakika kama 20. Maji ni ya lazima: barafu bila maji huigusa chupa sehemu chache tu, hivyo upozaji unachelewa na haulingani. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, kitumbukize kwenye glasi ya kwanza. Mimina ukiwa na nyuzi 11, maana glasi yenyewe itaupandisha moto baada ya dakika chache.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, na ijazwe theluthi tu. Zile glasi nyembamba ndefu za shampeni ziache kabatini; hazina nafasi ya harufu kukusanyika. Kisha, jambo ambalo wengi hudhani ni la mvinyo mwekundu pekee: uhamishie kwenye jagi safi nusu saa kabla ya kunywa. Onja kidogo unapomimina, onja tena baada ya dakika 15, na tena baada ya 30. Mwanzoni unaweza kupata peasi bichi na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Hiyo ya kiberiti huondoka kwa hewa. Baadaye huja pichi, maua meupe, asali kidogo, na mwishoni kitu kama lozi mbichi.

Tazama pia mwaka wa mavuno kwenye lebo. Mvinyo wenye Roussanne nyingi hunoga katika miaka mitatu au minne ya mwanzo, kisha mara nyingi hujifunga: harufu hupungua, mdomoni unakuwa bubu. Hufunguka tena unapokaribia miaka minane hadi kumi, ukiwa mwingine kabisa, wenye nta, karanga za kukaanga na asali. Kama chupa yako ilikuwa na miaka mitano au sita, jagi lingekusaidia, ila si kwa kiasi kikubwa. Ukiletewa nyingine ya umri huo, ivumilie.

Muuzaji ameniambia mvinyo huu ni mchanganyiko wa zabibu kadhaa. Je, mchanganyiko si njia ya kumalizia mabaki? Mvinyo bora si ule wa zabibu moja?
*Msomaji, Nakuru*

Kwa eneo hili, hapana, na sababu yake ni jua. Kusini mwa bonde la mto Rhône zabibu huiva kwa nguvu: sukari hupanda, uchachu hushuka. Mizabibu mingi imesimama juu ya mawe ya duara yaliyolainishwa na mto, ambayo hufyonza joto mchana na kulirudisha usiku. Zabibu moja ikiachwa peke yake katika hali hiyo huwa na jambo inalolikosa, na wakulima wa huko walijifunza zamani kuliziba pengo hilo kwa zabibu ya jirani.

Sheria za Châteauneuf-du-Pape, lililopata hadhi yake rasmi ya jina la asili mwaka 1936, zinaruhusu zabibu sita katika mvinyo mweupe: Grenache Blanc, Roussanne, Clairette, Bourboulenc, Picpoul na Picardan. Hazipangi kiwango cha kila moja. Huo ni uamuzi wa mkulima. Grenache Blanc inaleta mwili na kilevi, lakini uchachu wake ni hafifu na huzeeka haraka. Clairette inaleta maua na wepesi. Bourboulenc huchelewa kuiva na hutunza uchachu hata kwenye joto, kwa hiyo kiasi kidogo tu huinua pipa zima. Picpoul nayo ni ya uchachu. Picardan imepandwa kidogo mno.

Roussanne ndiyo ngumu kuliko zote. Haizai kwa wingi, hushikwa upesi na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga, na siku za kuivuna ni chache. Ukiwahi, haina harufu ya maana. Ukichelewa, uchachu umekwisha na kilevi kimepita kiasi. Ganda lake likiiva hugeuka rangi ya dhahabu yenye wekundu, na mvunaji mzoefu huangalia hiyo rangi pamoja na ladha ya punje, hategemei kipimo cha sukari peke yake. Juisi yake nayo huharibiwa na hewa upesi, kwa hiyo kukamua kunataka haraka na ubaridi.

Ndiyo maana tunamheshimu mkulima anayeweza kuchanganya vizuri. Zabibu zinazoiva siku tofauti huvunwa kwa mkono siku tofauti, kwani mashine hairuhusiwi katika eneo hili, huchachushwa kwenye matangi au mapipa, kisha huonjwa na kupimwa kidogo kidogo hadi mizani ikae sawa. Kumalizia mabaki hakuhitaji kazi yote hiyo. Familia ya Perrin wanatengeneza pia mvinyo wa Roussanne tupu kutoka mizabibu mikongwe, nao unasifiwa sana, lakini ni wa sehemu ndogo ya shamba ambapo mizabibu yenyewe imeshajipunguzia mazao.

Kwenye chupa nyingine za kilimo hai naona alama ya jani la kijani na bado kumeandikwa "una salfaiti". Si tunadanganywa? Na je, kilimo hai maana yake hawapulizi dawa kabisa?
*Msomaji, Brussels*

Hudanganywi. Kilimo hai kinakataza dawa na mbolea za kutengenezwa viwandani, hakikatazi kila kitu kinachopulizwa. Mzabibu una maadui wawili wakubwa wa ukungu. Ubwiri unga huzuiwa kwa salfa ya unga au ya kuchanganya na maji. Ubwiri vinyoya, unaopenda majani yenye unyevu, huzuiwa kwa mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa, ile ile dawa ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaifahamu. Tatizo la mrututu ni kwamba shaba haiozi. Hubaki kwenye udongo na ikizidi huwadhuru minyoo na vijidudu. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mwaka wa mvua nyingi mkulima anaweza kuzidisha wastani, lakini atalipia miaka ya ukame.

Hapo ndipo Châteauneuf inapobahatika. Upepo wa mistral, mkavu na wenye nguvu, huteremka kutoka kaskazini kupitia bonde la Rhône na kuyakausha majani baada ya mvua. Ukungu haupati muda wa kuota, na mkulima hupuliza mara chache kuliko mwenzake wa maeneo yenye unyevu. Jacques Perrin aliligeuza shamba la Beaucastel kuwa la kilimo hai miaka ya 1950, kabla jambo hili halijawa na soko wala alama. Leo anayetaka kubadilika hungoja miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kuandika kilimo hai kwenye lebo.

Kuhusu salfaiti, yaani kihifadhi cha salfa kinachoukinga mvinyo na hewa: hata hamira yenyewe hutengeneza kiasi kidogo wakati mvinyo unachachuka, na Ulaya inadai tangazo pale kiwango kinapozidi miligramu 10 kwa lita. Mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, wa kawaida unaruhusiwa hadi miligramu 200. Wa kilimo hai hadi 150. Roussanne inaihitaji salfaiti kwa sababu hewa huiharibu upesi. Mwenye pumu awe mwangalifu. Wengine wanaoamka na kichwa kinachouma, tunawashauri watazame kwanza asilimia ya kilevi, ambayo kwenye mvinyo huu mara nyingi ni 13.5 au 14 na zaidi, na maji mangapi walikunywa.

Naweza kuzitunza chupa tatu Mombasa kwa miaka kumi bila chumba maalumu?
*Msomaji, Nyali*

Kwa miaka kumi, hapana. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 14 zisizopanda na kushuka. Kwenye nyuzi 30 mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo, hewa hupenya, na uzee unakimbia. Dalili ni kizibo kilichochomoza, unato shingoni, rangi ya kahawia na harufu ya tofaa lililopondeka. Juu ya friji ya jikoni ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwa joto na mtetemo. Nunua friji ndogo ya mvinyo, uilaze chupa ili kizibo kisikauke, na uwe na namna ya kuilinda umeme ukikatika. Bila hiyo, nunua mvinyo mchanga na unywe ndani ya miezi michache.

Chini ya chupa nimeona chembe kama vipande vya glasi. Nimwage?
*Msomaji, Lubumbashi*

Usimwage. Ni fuwele za asidi ya zabibu na potasiamu zilizoganda kwa baridi, hazina madhara wala ladha mbaya. Isimamishe chupa saa kadhaa, mimina polepole, acha mvinyo wa kimo cha kidole kimoja chini ya chupa. La kumwaga, au la kumrudishia muuzaji, ni mvinyo unaonuka boksi lililolowa na kuota kuvu. Hiyo ni kasoro ya kizibo, na haiondoki kwa kusubiri.

Tuule na nini?
*Msomaji, Tanga*

Na tui la nazi. Samaki wa kupaka, kamba wa nazi, kuku wa kupaka: utamu na mafuta ya tui yanakutana na uzito wa Roussanne bila mmoja kumfunika mwenzake, jambo ambalo mvinyo mweupe mwepesi na mkali hauwezi. Changu au kolekole wa kuchoma naye anafaa, ila punguza ndimu. Ndimu nyingi huufanya mvinyo huu uonekane umepooza. Pilipili iwe ya kunukia tu, kwa sababu kilevi cha asilimia 14 huuzidisha moto wake mdomoni. Achari na ukwaju usiviweke kwenye sahani hiyo hiyo. Binzari, tangawizi na iliki havina ugomvi nao.

Nusu chupa iliyobaki inakaa siku ngapi?
*Msomaji, Kigali*

Siku mbili hadi tatu kwenye friji, ikiwa imezibwa. Njia nzuri zaidi ni kuwa na chupa ndogo safi ya mililita 375: mara tu unapofungua kubwa, jaza ndogo hadi karibu na mdomo, ziba, weka friji. Hewa ikiwa kidogo, unapata hadi siku tano. Kabla ya kunywa itoe mapema ifike nyuzi 12 tena.