Siku 12 bila kuruka

Nilifundisha urubani jeshini kwa miaka mingi, na kila kozi wakubwa waliuliza yale yale: vijana watamaliza lini, watatugharimu kiasi gani, na je, wataiva? Nilichojifunza ni kwamba pesa nyingi hazipotelei angani. Zinapotelea kwenye hanga, ndege ikisubiri tairi.

Kuna kijana alikuwa ametua vizuri mara nne mfululizo, kabakiza kidogo aruke peke yake. Ndege mbili zikalala, moja betri, nyingine tairi, naye akakaa siku 12 bila kupanda. Aliporudi, alivuta usukani mapema mno tukiwa kama futi 10 juu ya lami. Mwendo ukaisha, king'ora kikalia, ikabidi niongeze nguvu za injini tupae tena. Tulirudia masomo matatu. Mafuta ya marudio hayo yangenunua tairi na chenji ingebaki.

Kwa hiyo kabla ya kupokea wanafunzi, hesabu ndege zinazoruka kweli, si zilizoandikwa daftarini. Bajeti ikibana, punguza wanafunzi, usipunguze safari za mafunzo angani. Wanane wanaoruka kila siku watakufaa kuliko ishirini wanaopokezana ndege kama daladala.

Na kuna mazoezi yasiyokula mafuta. Wangu walikaa bwenini kwenye kiti, picha ya dashibodi ukutani, mpini wa fagio katikati ya magoti, wakitamka kila hatua kwa sauti. Jirani akicheka, mwache acheke. Mwaka 2018 Jeshi la Anga la Marekani lilijaribu kule Austin, Texas, miwani ya uhalisia pepe (VR), inayokuonyesha kana kwamba uko ndani ya ndege, na darasa la kwanza likamaliza chini ya miezi 6. Ni kitu kizuri kwa taratibu na kumbukumbu. Ila miwani haiwezi kukukamua kwenye kona kali mpaka macho yaanze kuingia giza. Hilo lifundishwe angani, na hapo usibane matumizi.

Lililonishinda mimi ni kumwondoa mtu mapema. Mmoja nilimhurumia, nikamwongezea safari baada ya safari, na mwishowe akatolewa vilevile. Akaja ofisini, kofia mkononi: "Afande, mbona hukuniambia tangu mwanzo?" Kozi ya uongozaji ndege, ile ya wanaoelekeza marubani kutoka ardhini, aliyokuwa akiitaka kama chaguo la pili, ilikuwa imeanza wiki tatu nyuma.