Mazoezi ya kufundisha: darasa lenye kelele na kipindi kisichotosha

Ndugu mwalimu mtarajiwa,

Nimekuelewa: uko mwanzoni mwa mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wanapiga kelele, kipindi kinakwisha kabla hujafika nusu ya maandalio ya somo, na mwalimu mlezi aliyeketi nyuma anakutia hofu kiasi cha kufikiria kuacha kozi.

Anza na maandalio yenyewe, kwa sababu kelele nyingi huzuka pale mwalimu anapougeukia ubao kuandika aya ndefu huku darasa halina la kufanya. Punguza malengo yawe moja au mawili, andika mapema ubaoni swali ambalo wanafunzi watalijibu kwenye madaftari mara wanapoketi, na usianze kusema mpaka wote wanyamaze. Ukiuliza swali, subiri. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Ukimya huo utakutisha wewe kuliko wao.

Majina yao jifunze haraka. "Wewe wa nyuma" haimtulizi mtu.

Mwombe mwalimu mlezi aangalie jambo moja tu kila kipindi, kwa mfano namna unavyotoa maelekezo, kisha mlizungumzie siku hiyo hiyo. Usiadhibu kwa hasira, na mwanafunzi akikueleza kwamba anadhulumiwa, usimwahidi siri, bali lifikishe jambo hilo kwa uongozi wa shule. Nawe ukikosa usingizi kwa majuma mfululizo, mwone mshauri nasaha wa chuo au daktari kabla ya kuamua lolote kuhusu kozi.