Re: Paja la nguruwe mwitu linakauka, na je, friza inaua minyoo?

Mkuu, nguruwe mwitu wa Texas ukimchoma kama kitimoto ya bucha atakauka tu. Mafuta yake mengi yako chini ya ngozi. Ukishamchuna, nyama inabaki kavu.

Paja na bega ni za kuchemsha taratibu. Kata vipande vya ukubwa wa ngumi, paka chumvi kijiko kikubwa kimoja kwa kilo mbili, laza kwenye friji usiku kucha. Kesho yake kaanga mpaka vishike rangi, weka vitunguu, nyanya na tangawizi, maji yafike nusu ya nyama, funika. Moto mdogo, kwa muda wa saa tatu hivi. Maji yakitokota kwa fujo nyama inajikaza na kutoa maji yake yote. Baada ya saa moja unaweza kuikuta ngumu kuliko mwanzo, na hapo ndipo wengi huipua. Usiipue! Ngoja mpaka uma uingie wenyewe.

Ndimu nyingi usiku kucha haisaidii. Inalainisha juu tu, tena inakuwa kama uji.

Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ndiyo ya kuchoma. Tumia kipimajoto, ikifika 71°C katikati, itoe hapohapo.

Friza usiitegemee. Minyoo ya trikinela ya baadhi ya wanyamapori huvumilia baridi. Kinachoiua ni moto. Na wakati wa kuchuna vaa glavu, maana brusela, bakteria wanaoleta ugonjwa kwa watu, huingia kupitia mchubuko mdogo tu wa mkono.